Alikuwa Anaimba

Mume wangu alikuwa anatetemeka mbele ya kanisa zima, na mimi nilikuwa napiga makofi. Naanzia hapo kwa sababu ndipo penye aibu yangu, na mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Ukiuliza pale Naviundu ninakofanyia biashara watakuambia, Mama Abigaëlle ana mdomo. Sikatai. Nauza chumvi, sabuni na mafuta ya kupikia kwa jumla, nashinda na wabeba mizigo na wanunuzi wabishi, sina muda wa kubembeleza mtu. Jina langu ni Kasoki. Mume wangu ni Vital.

Depo yangu ni kontena. Wengi wetu tuliotoka Butembo tukaja kutafuta maisha Lubumbashi tulianza hivyo: unapata kontena kuukuu, unaiweka kando ya barabara, unapanga bidhaa, unafungua milango asubuhi, unafunga jioni. Vital alikuwa anaendesha kamio letu la kuleta mzigo kutoka Sakania, mpakani. Mdogo wangu Lévi alikuwa anasafiri naye, kulinda mzigo na kumpigia hadithi asisinzie njiani. Lévi nilimlea mimi. Mama yetu alikufa Lévi hajaota meno, mimi nina miaka kumi na miwili, nikambeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, hata baada ya kuota ndevu. Alikuwa na pumu tangu utoto, na alikuwa na sauti ya kuimba ambayo watu walikuwa wanageuka kuisikiliza. Sijui Mungu alifikiria nini kuweka vyote viwili katika kifua kimoja.

Miaka miwili na nusu iliyopita, mwezi wa kumi, lile jua kali la kungoja mvua, majambazi waliwasimamisha porini upande huu wa Sakania. Walihamisha mzigo wote kwenye magari yao. Wakawaingiza Vital na Lévi katika kontena iliyokuwa juu ya kamio, tupu sasa, wakafunga komeo kwa nje. Waliowafungulia ni wachoma makala, yaani mkaa, siku ya tatu asubuhi. Vital alikuwa hai. Mdogo wangu alikuwa ameanza kuvimba.

Siku ya mazishi nilimkamata Vital kola mbele ya watu. Nilitaka kujua Lévi alikufa namna gani. Watu walijaribu kunitoa, sikutoka. Vital alinitazama, midomo imekauka na kupasuka, jicho moja bado jekundu.

"Alikuwa anaimba," akasema.

"Anaimba nini?"

"Ile ya kwaya ya kwetu. Aliimba mpaka sauti ikaisha."

Nikamwachia kola. Nikakaa chini kwenye mkeka na wamama wenzangu nikalia, lakini ni kilio kingine, kilio kilicho na mahali pa kuegemea. Mtoto niliyembeba mgongoni alikwenda akiimba. Nilisema moyoni, basi, na hilo Mungu hatalichukua.

Wiki tatu baadaye Pasta Hénoc alikuja kwenye lupango letu, uani kwetu. Pasta si mtu mbaya, na sitaki mtu amseme vibaya kwa sababu yangu. Alisema jambo kama hili halifichwi. Mungu amefungua kontena ya chuma, kanisa lazima lisikie. Kwetu ukitoka katika ajali au ugonjwa, unasimama mbele unatoa ushuhuda, ndivyo tulivyolelewa. Asiyetoa ushuhuda ni kama mtu aliyekula kwa watu akaondoka bila kushukuru. Vital alisema bado ana uchovu. Mimi nikasema atakuja.

Jumapili ile alizungumza kwa sauti ya chini, mikro karibu na kinywa. Alieleza majambazi, alieleza giza, alieleza joto. Alipofika pale Lévi alipoanza kuimba, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Ukapanda begani. Meno yakagongana mpaka mikro ikayachukua, tukayasikia katika spika. Kanisa zima likasimama. Wakasema ni upako, Roho ameshuka juu ya ndugu Vital. Ngoma zikaingia, vigelegele vikaingia, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Wamama walinikumbatia. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilikula nikashiba.

Basi makanisa mengine yakapiga simu. Katuba walimtaka, Ruashi walimtaka, Kamalondo walimtaka mara mbili. Simu nilikuwa napokea mimi. Shati jeupe nililifua mimi kila Jumamosi na kulipiga pasi mwenyewe. Nilikaa benchi ya mbele, na kila alipofika kwenye wimbo nilifumba macho nikamsikia Lévi. Nasema ukweli wangu: sikuwa nakwenda kwa ajili ya Mungu. Nilikuwa nakwenda kusikia tena kile kifo kizuri cha mdogo wangu. Kilinishibisha siku mbili tatu, ifikapo Alhamisi kinapungua, nami nangoja Jumapili.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Vital hakulala tena ndani. Alitandika mkeka barazani, mlango wazi, na hata pale usingizi ulikuwa wa vipande. Mtu akiangusha sufuria, anaruka, halafu anabaki amesimama, macho yametoka, kifua kinapanda kwa juu juu. Chakula kilikuwa kinagoma tumboni. Miguu yake ilikuwa ya baridi hata mchana wa jua. Na ule mkono wa kulia ulijifunga ngumi. Haukufunguka. Alijifunza kula kwa kushoto, kufunga vifungo kwa kushoto, na kamio likakaa limeegeshwa mpaka tukampa dereva mwingine. Kwenye depo yangu hakukanyaga. Nikimtuma sabuni, anasimama barabarani, ananiita nimletee.

Mimi nilikuwa namgombeza. Nilimwambia unadeka. Nilimwambia Lévi ndiye amekufa, wewe unapumua, sasa unalilia nini. Siku moja mbele ya wabeba mizigo nilimwambia mwanaume mzima anaogopa duka la mke wake. Wakacheka. Vital naye akacheka kidogo, akaenda zake na ile ngumi yake mfukoni.

Hopitali walimpima kichwa, walimpima damu, wakapiga picha ya mkono. Daktari akasema mfupa mzima, mishipa mizima, hakuna kitu. Nilifurahi na nilikasirika, vyote pamoja. Ni muuguzi mmoja aliyetufuata mlangoni akasema kuna madame mmoja anafundisha kule Kasapa, chuo kikuu, Jumanne anapokea watu katika chumba cha nyuma cha kituo kimoja cha afya, anashughulika na watu waliopata mshtuko. Nilidhani atampa vidonge.

Madame Mukuka hakutoa vidonge. Ni mama mfupi, viatu vya kawaida, hana haraka. Alimwangalia Vital, hakumwuliza kuhusu kontena hata neno moja. Alimwuliza mlango wa chumba anautaka wazi au umefungwa. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Mimi nikaanza kueleza, yeye akaniinulia kidole kidogo, nikanyamaza, kitu ambacho mume wangu hakuwa amekiona katika miaka kumi na tano ya ndoa.

"Mama," akaniambia baadaye pale nje, "kichwa yake inajua ilitoka mule ndani. Mwili ndiyo haiyajua. Mwili iko bado mu kontena, inangojea. Hajifanyi. Hata akitaka kuacha, haiko yeye anaiendesha."

"Na kule kutetemeka kanisani?"

"Ni woga, mama."

Nilimwona mama huyu hana imani. Lakini nilirudi, maana kile alichomfundisha kilikuwa kinafanya kazi, na mimi ni mfanyabiashara, kinachofanya kazi nakijua. Alimfundisha kukanyaga chini kwa nguvu, miguu peku, na kutaja anavyoviona: ndoo, kuku, kamba ya nguo, Abigaëlle. Alimfundisha kusukuma ukuta kwa viganja. Zaidi ya yote alimfundisha kutoa pumzi taratibu, ndefu, kwa mdomo. Vital hakuweza, pumzi ilikuwa inakatika njiani. Madame Mukuka akauliza nyumbani nani anawasha jiko la mbabula. Nikasema mimi, kwa kipepeo cha karatasi. Akasema tangu kesho awashe yeye, bila kipepeo, kwa kupuliza tu.

Basi kila asubuhi mume wangu alichuchumaa barazani mbele ya jiko la makala, akapuliza. Wanawake wa jirani walipita wakamtania, Papa Abi umeoa au umeolewa. Wiki ya kwanza makala yalizima, tukachelewa chai kila siku, nami nikasema yangu. Wiki ya tatu yaliwaka. Ukimtazama unaona mabega yanashuka, taya linalegea, jasho la shingoni linakauka. Binti yetu Abigaëlle alikaa karibu naye wakapuliza pamoja.

Mwezi wa saba, ule wa baridi, alilala chumbani, mlango wazi. Mwezi wa nane alikuja depo akakaa kwenye kiti mlangoni kabisa, mgongo nje, magoti ndani, akanywa chai. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, nilimwona anahamisha kaa la moto kwa koleo, na koleo lilikuwa mkono wa kulia. Vidole vimefunguka. Hakuwa ameona. Sikusema kitu, niliingia ndani nikakaa kitandani nikalia kama mtoto, maana nilikuwa nimeshazoea kwamba nimeolewa na nusu ya mtu.

Kitu kimoja tu Madame Mukuka alikuwa amekataza. Ushuhuda usimame. Alisema iko siku Vital atasema, kwa muda wake, kwa mtu anayemchagua yeye, pole pole. Lakini kila tunapomsimamisha kwenye mikro tunaurudisha mwili ndani na kufunga komeo. Vital mwenyewe alikuwa amemwomba aniambie. Yeye alishindwa kuniambia.

Nilikubali. Miezi minne sikumsikia Lévi akiimba. Watu wasiwaze ni kitu kidogo. Nilianza kusahau sauti yake. Nilikuwa napima chumvi, natafuta ile sauti kichwani, napata ya redio. Alikuwa anakufa tena, safari hii kimya, na mimi nilikuwa namwangalia mume wangu anapona na ndani yangu kuna kitu kinamwonea wivu.

Ilipofika miaka miwili ya kifo, Pasta Hénoc alipanga ibada ya ukumbusho. Nilimwambia Vital mara moja tu, hii ya mwisho. Alikuwa anapuliza moto. Hakugeuka.

"Kasoki, uniache."

"Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya Lévi."

"Uniache, mama. Ninakuomba."

"Alikufa anaimba, wewe unashindwa hata kumtaja? Wewe uliyetoka?"

Hilo neno, wewe uliyetoka, nilikuwa nalo tumboni miaka miwili. Nililiona linavyomwingia. Akaweka koleo chini, akasema sawa.

Siku ya ibada mvua ya kwanza ilianza tukiwa ndani. Kanisa letu limeezekwa mabati bila dari, na mvua ya kwanza ya Lubumbashi haiji kwa adabu. Juu palikuwa pakipigwa kama watu mia wanagonga chuma kwa mikono. Nilimwona Vital anatazama juu. Nilimwona anatazama milango, na wazee wa kanisa walikuwa wanaifunga kwa ajili ya maji. Palepale ningeweza kusimama. Hatua sita, nikamshika mkono, tukatoka. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, dada wa marehemu, nimejitanda kitambaa kipya. Nilikaa.

Alisema majambazi. Alisema giza. Alisema, "Lévi akaanza," akanyamaza. Mkono ulikuwa umekwisha kujifunga. Pasta akamwambia sema, ndugu, sema. Mwili mzima ukaanza kutetemeka, na ngoma zikaingia, na vigelegele vikaingia, watu wakasimama wakapaza sauti juu ya mvua. Vital alinitazama mimi. Kisha suruali ikalowa, kutoka juu kwenda chini, na watu wa mbele wakaiona, na bado ngoma haikusimama. Ndipo nikainuka. Nilivua kitambaa changu nikamfunga kiunoni, nikamtoa kwa mlango wa pembeni katika mvua.

Nyumbani nilimvua nguo, nikampangusa, nikamvika shuka. Abigaëlle nilimpeleka kwa jirani. Mchana, lakini giza la mvua, na mabati ya nyumba yetu nayo yanapiga. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anajaribu kuikanyagisha kama alivyofundishwa. Nikapiga magoti mbele yake.

"Hakuimba," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri kwa mvua.

"Lévi hakuimba, Kasoki. Alikuwa nalia. Alikuwa nagonga bati, nakuita wewe. Yaya, yaya. Bale bantu balikuwa bado inje, banapakia mafuta. Balisema tukifanya kelele batapiga masasi mu kontena. Nilimwambia anyamaze. Pompi yake ya pumu ilibakia mu kabini, hakuweza kunyamaza. Nikamufunga kinywa. Na hii mukono. Nilimushika nguvu, na kichwa yake hapa kwa kifua yangu. Akapigana. Halafu akatulia. Nilifikiri ametulia tu. Nilimushukuru, Kasoki. Nilimwambia aksanti mu sikio. Bale bantu balipoenda, nikatosha mukono ku kinywa yake—"

Nikamziba mdomo.

Sikuamua. Naapa mbele ya yeyote anayetaka niape. Sikufikiria kitu, mkono ulikwenda wenyewe, kiganja chote juu ya kinywa chake, na mwingine nyuma ya kichwa. Nilisikia midomo yake inasogea chini ya kiganja, bado inasema. Nilikaza. Nilikuwa nasema hapana, hapana, alikuwa anaimba. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, na sijui nilikaza muda gani, ila najua lini niliacha: midomo iliposimama.

Alikuwa anapumua kwa pua. Alikuwa hai. Nilipotoa mkono, alama za vidole vyangu zilikuwa mashavuni, nyeupe, kisha zikawa nyekundu. Nilisema nisamehe, Papa Abi, endelea, nasikiliza. Nilisema mara nyingi. Alitazama ukuta.

Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile na hajasema neno. Ngumi imerudi. Mkeka umerudi barazani. Mbabula nawasha mimi kwa kipepeo. Pasta alikuja kuomba, nikamwambia aombee nje. Madame Mukuka nilimweleza yote, sikuficha hata mahali kiganja kilipokuwa. Nilitaka anitukane. Akasema tu mwili wangu nao ulikuwa na kontena yake, na kwamba tutaanza upya, toka miguu. Nikamwuliza atasema tena? Akasema hajui. Watu wote wa maarifa nilioonana nao, ni yeye tu aliyenijibu hajui, kwa hiyo namwamini.

Sasa najua Lévi alikufa namna gani. Alikuwa ananiita mimi, na mtu pekee duniani aliyemsikia ndiye niliyemgombeza mbele ya wabeba mizigo. Huyo mtu alinitungia wimbo ili niweze kula, akaubeba kanisa hadi kanisa mpaka ukamvunja. Ningependa kumwambia simlaumu. Namwambia kila siku. Lakini maneno ni yangu, nimekuwa nayo tele maisha yote, na si maneno yangu anayoyahitaji.

Kila jioni, kabla ya kufunga depo, naweka viti viwili nje kabisa, mbali na bati, vimeelekeana, tunakaa miguu peku chini. Nataja ninavyoviona, maana yeye hataji. Kisha namwambia, sema, Papa Abi, mi nakusikia, sitafanya kitu. Na ili aamini, nakalia mikono yangu yote miwili, naibana chini ya mapaja mpaka inakufa ganzi. Tunakaa hivyo mpaka jua linazama. Hanitazami usoni. Anatazama pale mikono ilipo.